Mama Mara Saba

Barua ilifika katika mji wa Baraka wiki ya kwanza ya Desemba, mwaka wa 1999, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili maji ya ziwa yasiiguse. Aliyeileta ni Roger, mchuuzi wa sabuni na vitenge, ambaye boti yake ya injini ilikwenda Kigoma na kurudi kila wiki tatu au nne, kutegemea mafuta na kutegemea askari. Alishuka pwani akauliza, "Mama Placide iko wapi?" na kabla hajajibiwa watoto walikwisha kukimbia kumwita.

Mama Placide ni Marthe, mjane, muuza ndagala, yaani dagaa wa ziwa, ambaye hakujua kusoma hata jina lake. Aliipokea barua kwa mikono miwili, akapita nayo moja kwa moja kwa jirani yake Immaculée.

"Mama Dany, acha ile sombe iungue. Mutoto amezungumuza."

Immaculée aliepua chungu cha kisamvu. Yeye alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na tano, katika darasa la jioni la kanisa. Liliitwa la jioni kwa mazoea tu, maana tangu askari wakataze watu kutembea baada ya saa kumi na mbili, darasa lilianza saa nane mchana. Alijifunza kwa machozi na kwa maombi, herufi moja moja, na kila alipoweza kusoma mstari mzima wa Zaburi alimshukuru Mungu. Sasa alimsaidia mwalimu Patrice kufundisha wengine. Ilikuwa ndiyo mali yake. Mume wake alikwenda Lulimba kuchimba dhahabu, na habari zake zilifika mara moja kwa mwaka, wakati mwingine hazikufika. Nyumba yake ilivuja. Lakini barua za mtaa ule zilipita mikononi mwake, na hilo Marthe hakuwa nalo.

Marthe alikuwa na jingine. Alikuwa na Placide, mwanawe aliyeko Kanada.

Uani kwa Marthe kulikwisha kujaa watu. Picha ndiyo ilitoka kwanza, ikapita mkono kwa mkono. Mtoto amesimama juu ya kitu cheupe kinachong'aa, amevaa viatu vyenye visu chini yake, mabega yamepanuka kama ya mtu mzima, kichwani kofia ngumu yenye vyuma mbele ya uso. Mkononi ameshika gongo refu lililopinda mwishoni.

"Mamaa!" alisema Fanny, mwimbaji wa kwaya, ambaye hakujua kunyamaza. "Banamuvalisha matela ya kitanda mwili muzima. Na kichwa banaiingiza mu kizimba ya kuku!"

"Ni vita gani anaenda?"

"Vita gani? We hauone anacheka?"

Kweli alikuwa anacheka. Nyuma ya vile vyuma yalionekana meno yaleyale ya Placide, yenye pengo katikati. Immaculée aliyaona, na kikamrudia kile kitu alichokuwa akikifahamu tangu miaka mitatu na alichokuwa akikiombea kila asubuhi kiondoke.

"Soma, Mama Dany," alisema Marthe. "Soma pole pole, niiweke ndani ya kichwa."

Immaculée akasoma:

"Mama mpendwa, mimi ni mzima na mjomba Alphonse ni mzima. Huku sasa ni baridi, na ziwa limekuwa barafu, watu wanatembea juu yake. Mama, usicheke, hata gari linapita. Nimechaguliwa katika timu ya watoto ya hoki. Ni mchezo wa barafuni, tunasukuma kisahani cheusi kwa magongo mpaka golini. Mwezi wa pili kutakuwa na mashindano ya kimataifa hapa kwetu. Watakuja watoto kutoka Uswisi, Finlandi, Suède, Ufaransa na Amerika. Mimi ninalinda nyuma."

Watu walipiga makofi. Mtoto wa Baraka, wa ndagala na mihogo, atacheza na Wazungu wa nchi tano! Immaculée alikuwa amefika chini ya ukurasa. Aliugeuza, na macho yake yakatangulia mdomo, kama yanavyofanya macho ya msomaji:

"Kocha amesema kila mchezaji aombe neno kutoka kwa mama au baba yake, tutalisoma katika chumba cha kuvalia kabla ya mechi ya kwanza. Mama, niandikie neno langu. Najua hujui kuandika, lakini Mama Dany atakuandikia. Lifike kabla ya tarehe kumi ya mwezi wa pili. Nikikosa neno la mama, nitakaa kimya wenzangu wakisoma."

Mdomo wake ulikuwa wazi. Watu walikuwa wanangoja. Pale mlangoni alikuwa amesimama mtoto wake Dany, miaka kumi na miwili kama Placide, suruali imekatwa magotini, amenyoosha shingo asikie habari za rafiki yake. Hakuna kocha aliyekuwa anangoja neno kwa ajili ya Dany. Shule yake ilifungwa tangu mwaka uliotangulia, na askari walikuwa wamechoma madawati ili wapikie. Na sasa yeye, Immaculée, ndiye wa kuketi chini na kuandika baraka za mtoto wa mwingine, kwa mkono wake aliouombea!

Akaruka. Hakuwa amepanga. Macho yalishuka mistari sita, na mdomo ukafuata:

"Picha hii amepiga mjomba. Wasalimie watu wote, Mama Dany wa kwanza. Mwanao, Placide."

"Amina!" wakasema watu.

"Amekusalimia we wa kwanza," alisema Marthe, na akamkumbatia.

* * *

Nitamwomba msomaji arudi nyuma kidogo, kwa sababu wivu wa Immaculée haukuanza na picha.

Vita vilipofika Baraka mwaka wa 1996, wanawake hawa wawili walikimbilia rasi ya Ubwari na watoto wao, wakalala siku nne katika kijiji cha wavuvi. Asubuhi ya siku ya tano Alphonse, kaka yake Marthe, alipata boti ya kwenda Kigoma. Ilikuwa imejaa mno. Mwenye boti alisema, "Watu wakubwa hapana. Batoto babili, mwisho." Marthe alimnyanyua Placide, akamkalisha kati ya magoti ya mjomba wake. Immaculée naye alimnyanyua Dany, akamkalisha kando. Watoto walishikana mikono wakicheka, wakidhani ni matembezi. Kamba ikafunguliwa. Ndipo Immaculée alipoingia majini mpaka kiunoni, akamvuta Dany kwa shati, akamtoa.

"Tutapanda ya kesho," alisema. "Mungu ataleta ingine."

Boti ya kesho haikuja. Walirudi Baraka wakakuta nyumba hazina milango. Placide alikaa kambini Tanzania na mjomba wake, na baada ya mwaka mmoja na nusu Kanada ikawachukua wote wawili. Kila barua iliyofika, Immaculée aliisoma kwa sauti nzuri, na ndani yake alikuwa anaona sehemu ile tupu kando ya magoti ya Alphonse. Kama ningemwacha. Hakumwonea wivu Marthe tu. Alimwonea wivu yule Immaculée mwingine, yule aliyebaki ufukoni na mikono mitupu, ambaye leo angekuwa anapokea picha.

* * *

Alijiambia atamwambia Marthe kesho. Kesho yake Marthe alikuja alfajiri na barua. "Nisomee tena." Akasoma tena, na alipofika chini ya ukurasa alikuta hawezi kusema kile ambacho jana hakukisema bila kueleza kwa nini. Akaruka mahali palepale. Mara ya tatu alikwisha kuzoea.

Siku mbili baadaye Roger alirudi Kigoma bila neno la Placide.

Jumapili ile Marthe alisimama kanisani kutoa ushuhuda, picha mkononi. Mchungaji aliishika juu, na akina mama wakapiga vigelegele. "Huyu ni mtoto wetu sote," alisema mchungaji. "Jumatano akina mama wote watafunga na kuomba kwa ajili ya mashindano yake. Mama Dany ataongoza, maana Mungu amempa kinywa."

Jumatano Immaculée aliongoza. Alipiga magoti mbele ya wanawake thelathini wenye njaa, akaomba vizuri kuliko siku zote. Alimwomba Bwana ashikilie miguu ya Placide juu ya barafu kama alivyoshikilia ya Petro juu ya maji. Aliomba kwa ajili ya kocha, na watoto wa Uswisi, na safari zao. Wanawake walilia. Fanny alilia mpaka kitambaa chake kikaanguka. Na Immaculée, macho yamefumbwa, alikiona chumba ambacho hajawahi kukiona, watoto wameketi kwenye mabenchi, kila mmoja na karatasi yake, na mmoja mweusi mwenye pengo la meno akitazama visu vya viatu vyake. Akasema amina kwa sauti kubwa ili picha ile iondoke.

Nyumbani alijaribu kuomba peke yake. "Bwana, mbariki Placide," alianza. Maneno yakasimama. Alijaribu tena, na kilichotoka ni, "Na Dany je, Bwana? Na Dany je?" Akakaa hivyo mpaka magoti yakafa ganzi.

Dany mwenyewe hakuwa na wivu hata chembe. Aliitazama ile picha mpaka akaijua. Alikwenda mtoni akatafuta mzizi uliopinda, akauchonga siku tatu kwa kisu cha kuparia samaki, ukawa gongo kamili. Akakata kisahani kutoka kwenye kandambili iliyokufa. Basi mvua ilipokwisha, yeye na wenzake waliteleza kwenye udongo mwekundu nyuma ya kanisa, wamejaa matope mpaka kwenye kope, wakipiga kelele.

Immaculée alikuwa anapita na ndoo ya maji. Alisikia sauti ya mtoto wake, "Mi ni Placide! Mi njo Placide, mutoke!"

Ndoo ilianguka. Aliingia katikati ya matope, akamnyang'anya gongo, akalipiga gotini likavunjika vipande viwili.

"We si Placide!"

"Mama, ni muchezo tu..."

"We si Placide! Unasikia? Placide hayuko hapa!"

Watoto walitawanyika. Dany hakulia. Alimtazama mama yake kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. Vile vipande Immaculée alivitia jikoni, na mihogo ya siku ile ikaivia juu yake. Dany alikula kidogo, akasema ameshiba.

Mwanzoni mwa Januari Roger alikuja na kuondoka tena. Immaculée alimwona kwa mbali akipakia mafuta ya mawese, akabaki nyumbani na kusema ana homa.

* * *

Sasa ile picha ilimfanyia Marthe kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Ilimtia aibu. "Mutoto wangu anateleza juu ya maji," alisema, "na mi siwezi kusoma hata jina yake." Darasa lilipofunguliwa baada ya Mwaka Mpya, alikuja na kaye, daftari jipya, na kalamu ya biki, akaketi benchi ya mbele, mikono yake bado inanuka ndagala.

Mwalimu Patrice alikuwa na desturi yake. Neno la kwanza lilikuwa daima ni mama. Wanafunzi walipokwisha kulijua, hakuwapa la pili. Aliwatuma nyumbani wakaliwinde. "Tafuteni karatasi yoyote," alisema, "Biblia, karatasi ya dawa, gazeti lililofungia chumvi. Mhesabu ni mama wangapi wamo. Mniletee hesabu Ijumaa." Immaculée mwenyewe alikwisha kupita njia hiyo. Aliwahi kumaliza kitabu kizima cha Ruthu, kidole juu ya mstari.

Ijumaa ilikuwa tarehe ishirini na nane Januari. Boti ya Roger ilikuwa imerudi, ikalala pwani, na ilisemekana itaondoka kesho yake asubuhi. Wanafunzi walisimama mmoja mmoja. Huyu alipata mama mmoja kwenye pakiti ya unga wa uji. Yule hakupata hata mmoja, na watu wakamcheka. Marthe alisema tu, "Hesabu yangu bado haijaisha, mwalimu," akaketi.

Baada ya darasa alimfuata Immaculée nje.

"Mama Dany, mi niko mujinga, unirekebishe," alisema. "Karatasi mi sina, iko tu barua ya Placide. Nikaitafuta mama ndani yake."

Immaculée alisimama.

"Ile barua naijua kwa kichwa. Ulinisomea mara mingi, hata ukiniamsha usingizini nitaisema. 'Mama mpendwa,' mmoja. 'Mama, usicheke,' wawili. 'Mama Dany wa kwanza,' watatu. Ni batatu. Lakini na kidole nilipata saba. Nikahesabu tena, saba. Nikaita mutoto wa Fanny, naye akapata saba." Akafungua ile karatasi, iliyolegea kama kitambaa kwa kukunjwa. "Tazama. Bane banakaa hapa nyuma, pamoja, mahali pamoja. Ni mi sijue kuhesabu?"

Hakukuwa na mtego katika sauti yake. Hilo ndilo lilikuwa baya. Immaculée angeweza kusema kwamba lile si mama, ni neno linalofanana nalo. Marthe angeamini. Angejiita mjinga, angekwenda nyumbani kupara samaki, na kesho boti ingeondoka.

"Kwa nini haukumupa mwalimu aisome?" aliuliza Immaculée, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Mwalimu? Barua ya mutoto wangu, muntu wa kuisoma ni we."

Waliketi kwenye ngazi ya kanisa. Jua lilikuwa bado juu, na kutoka upande wa barabara ya Fizi ulisikika mlio mmoja wa bunduki, wa mbali, ambao hakuna aliyegeuka kuutazama. Immaculée akaweka kidole chini ya mstari. Akasoma yote. Kocha, neno, chumba cha kuvalia. Lakini Mama Dany atakuandikia. Nikikosa neno la mama, nitakaa kimya wenzangu wakisoma.

Marthe alihesabu kwa vidole vyake. "Bane," alisema. "Na batatu. Saba." Halafu, "Leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Mwezi wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Itafika?"

"Sijue, Mama Placide."

"Roger amekwenda mara ngapi tangu siku ile?"

"Mbili."

Marthe alitikisa kichwa polepole. "Na Jumatano ile, nikilala na njaa, we ukiomba... ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Juu ya nini?"

Immaculée alitafuta neno zuri, la kanisani, la majaribu na udhaifu wa mwili. Hakulipata. "Wivu," alisema.

"Wivu?" Marthe aligeuka, na sasa hasira ilikuwa imefika. "Wivu ya nini? Ya foto? We, Dany akiamuka asubuhi anakuita, unasikia. Sauti ya Placide iko namna gani sasa? Niambie, we unayejua kusoma! Imeandikwa wapi? Aliondoka na sauti ya mutoto. Akinipigia kelele leo nyuma ya hii nyumba, sitageuka, nitasema ni muntu anapita." Akapangusa uso kwa kitenge. "Na unanionea wivu."

Immaculée alitaka kusema habari za boti ya Ubwari, na shati alilolivuta. Lakini aliona kwamba kuyasema sasa kungekuwa kuomba ahurumiwe, na zamu yake ya kuhurumiwa haikuwa imefika.

"Nitaandika," alisema hatimaye. "Niambie neno, niandike sasa hivi, nimukimbilie Roger."

"Hapana."

"Mama Placide, boti..."

"Nimesema hapana. Mukono yako haitaandika." Marthe alifungua kaye yake juu ya magoti. Alishika biki kama mtu anavyoshika kisu. Akaandika MAMA. Ilichukua muda mrefu, na herufi zilikuwa kubwa kama za mtoto, M ya pili imeanguka chini ya mstari. Akaitazama. Kisha bila kuinua kichwa akasema, "Iko. Inaandikwa namna gani?"

Immaculée aliokota kijiti. Aliandika mavumbini, chini ya ngazi, kubwa na safi, IKO. Marthe alitazama mavumbi, akatazama kaye, akanakili. Mstari mmoja, mstari wenye mikono, duara. Duara halikufunga vizuri.

MAMA IKO.

"Ni yote?" aliuliza Immaculée.

"Ni yote naweza."

Walishuka pwani pamoja, Marthe mbele, Immaculée nyuma akiwa na bahasha aliyoiandikia anwani, maana hiyo peke yake aliruhusiwa. Roger aliinua karatasi kwenye jua.

"Mi nakata ziwa muzima juu ya maneno mawili? Mama Placide, ongeza hata 'jambo'!"

"Ibebe vile iko," alisema Marthe. "Na usiilowanishe."

* * *

Jibu lilikuja wiki ya Pasaka. Miezi ile miwili na nusu Marthe hakumnyima Immaculée salamu, lakini hakumletea kitu cha kusoma. Alikaa benchi ya mbele, na alipokosea alimwuliza Patrice. Immaculée alizungukia mabenchi ya nyuma. Aliona jinsi Marthe alivyokwenda haraka, haraka kuliko yeye alivyokwenda zamani, na Mungu amsamehe, hata hilo lilimuuma.

Siku barua ilipofika, Marthe alisimama mlangoni kwake. "Njo," alisema. "Utaketi. Hautasaidia."

Ikawa hivyo. Marthe alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, jasho likimtoka, na Immaculée aliketi amebana mikono katikati ya magoti ili isinyooke. Mara nyingine Marthe alikwama kwenye neno mpaka kuku wakaingia na kutoka. Kivuli cha nyumba kilivuka ua wote kabla hajamaliza.

Neno lilichelewa. Lilifika siku tatu baada ya mashindano kwisha. Walipoteza mechi mbili, wakashinda moja, ile ya watoto wa Uswisi. Siku ya kwanza, wenzake wote walisoma maneno yao, na zamu yake ilipofika Placide alisimama akasema, "Neno langu liko njiani, kwetu kuna vita." Akaketi. Hakuna aliyecheka. Basi bahasha ilipofika, kocha aliwaita wachezaji wote tena, siku ya mazoezi tu, wakavaa kila kitu kama siku ya mechi. Placide akasimama akasoma. Wakamwuliza maana yake, akawaambia, mama yupo. Wakapiga magongo yao sakafuni, wote pamoja, mpaka mlinzi wa jengo akaja kuuliza kuna nini.

Marthe aliishusha karatasi. Alifuta macho kwa kiganja, akacheka kidogo, akaipandisha tena. Ilibaki mistari miwili. Aliitazama kimya, midomo ikicheza. Halafu akaigeuza, akamsukumia Immaculée, kidole chini ya mahali.

"Hapa soma we."

"Umekwama?"

"Sikukwama. Nimeisoma. Lakini hii ni yako."

Immaculée alisoma kwa sauti, kila neno, bila kuruka hata nukta. "Na Dany siku hizi anacheza nini? Mama Dany anijibu."

Aliona mzizi uliochongwa siku tatu, na moto, na mihogo.

"Alichonga gongo," alisema. "Kama ya Placide. Nikaivunja. Nikaichoma."

"Najua," alisema Marthe.

"Unajua?"

Marthe aliinua kidevu kuelekea ndani. Nyuma ya mlango wake, limeegemea ukutani, kulikuwa na gongo jingine, refu kuliko la kwanza, lililopinda vizuri mwishoni, mpini umefungwa uzi wa nyavu ili usiteleze mkononi.

"Iko pale tangu mwezi wa kwanza. Aliniomba nimufichie. Kila akicheza anapita hapa kuichukua, anarudisha. Ananiamkia, ananiambia habari za magoli."

Palepale wivu ulimchoma Immaculée tena, uleule, mpya kama siku ya kwanza. Mtoto wake alikuwa na mahali pa kuweka siri, na mahali penyewe palikuwa hapa. Akamwomba Mungu kimoyomoyo neno moja tu, lile la kuanzia.

Marthe alikuwa amekwisha kumwekea kaye magotini, na biki juu yake.

"Andika vile ilikuwa," alisema. "Yote. Nitaisoma mi kwanza, kisha Roger aibebe."